Kasoro ya Kiwanda Isiwe Mzigo wa Mnunuzi

Ni desturi chombo kiharibikapo lawama kumwangukia aliyekitumia. Lakini mkasa wa mashine ya michezo ya mkononi iitwayo Nintendo Switch, iliyoanza kuuzwa mwaka 1987 + 30, yaani 2017, unafundisha vingine. Vijiti vyake vya kuongozea mchezo vilianza kutoa amri bila kuguswa: mtoto ameachia kijiti, lakini sanamu kwenye kioo inaendelea kutembea.

Chanzo si uzembe wa mchezaji. Ndani ya kijiti mna kipande cha chuma kinachosugua utando wa kaboni kila kinaposukumwa. Utando ukilika, mashine husoma mwendo usiokuwapo. Kupangusa vumbi na kurekebisha vipimo husaidia kwa muda tu. Utando uliolika haurudi. Wala dawa haikuwa ngeni: mwaka 1998 kampuni ya Sega ilitumia sumaku katika kijiti cha Dreamcast, pasipo msuguano huo.

Mwaka 2019 wanunuzi walifungua kesi nchini Marekani. Mwaka 2020 rais wa Nintendo, Shuntaro Furukawa, aliomba radhi. Mwaka 2021 BEUC, shirikisho la watetezi wa wanunuzi wa Ulaya, lilipeleka malalamiko kwa Kamisheni ya Ulaya. Na mwaka 2023 kampuni ilikubali kuvitengeneza bure vijiti hivyo huko, hata baada ya muda wa dhamana kwisha.

Fundisho li wazi. Kasoro iliyozaliwa kiwandani ni deni la kiwanda. Deni hilo halikulipwa kwa hisani, bali kwa mshikamano wa wanunuzi. Wala haifai malipo yake yategemee mnunuzi anaishi nchi gani.