Haki ya Njia



Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kwamba njia ina haki yake, na kwamba kuondosha chenye kudhuru njiani ni utanzu katika tanzu za imani. Aghalabu twaifahamu hukumu hii kwa mwiba na jiwe. Lakini njia za miji yetu hudhuru kwa mambo yasiyoondoshwa na mkono wa mtu mmoja: mwendo wa magari, giza, na mitaro iliyo wazi. Haya yataka serikali za mitaa, nasi tuna fungu letu.

Natutazame Dar es Salaam. Huko shirika liitwalo Amend lilichunguza watoto wa shule za msingi hugongwa wapi, kisha likajenga karibu na shule zao mambo madogo: matuta, vivuko vyenye milia, na njia za waendao kwa miguu. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya WRI Ross. Sababu ya kufaa kwake si siri. Mtoto akigongwa na gari liendalo kilomita 30 kwa saa, aghalabu huokoka. Likienda 50, ambao ndio ukomo wa sheria ya Tanzania penye makazi ya watu, hatari ya kufa huzidi sana.

Basi mzazi abishe mlango upi? Tangu mwaka 2017 barabara za mitaa zimo mikononi mwa TARURA. Barabara kuu ni za TANROADS. Halmashauri ina sheria ndogo, masoko na mgambo. Hivyo neno lianzie mkutano wa mtaa, liandikwe katika muhtasari, kisha lifike Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Yeye ndiye wa kulifuatilia mbele.

Twasikitika kuona barazani twanung'unika sana, na siku ya mkutano viti ni vitupu. Manung'uniko hayajengi tuta. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Nanyi vijana, msiketi njiani mkawatia hofu dada zetu wapitao. Taa huangaza njia tu. Adabu yenu ndiyo iitiayo amani.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu waendao chuoni na warejeao. Amin.