Barua ya Wazi kwa Tume ya Ushindani: Waranti ya Baiskeli Isiishie Kwenye Fremu

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Tume ya Ushindani (FCC).

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kutoka Shinyanga kuhusu magurudumu ya baiskeli mpya yanayoharibika waranti ikiwa bado hai, na kuhusu jinsi wenye baiskeli hizo wanavyorudishwa mikono mitupu na maduka yaleyale yaliyowauzia. Kwa anayekaa mahali penye mabasi kila baada ya dakika chache, jambo hili laweza kuonekana dogo. Huku Kanda ya Ziwa baiskeli ndiyo inayofikisha pamba kwenye chama cha msingi, maziwa mjini, maji nyumbani na mtoto shuleni. Vijana wanaobeba abiria kwa baiskeli hapa Shinyanga na Kahama wanalisha familia zao kwa keria. Gurudumu la nyuma likikataa asubuhi, jioni nyumba hiyo haina unga.

Baiskeli yangu niliinunua mpya katika duka moja la hapa mjini. Haikuchukua muda, spoku za gurudumu la nyuma zikaanza kukatika, moja leo, mbili wiki ijayo, zote upande wa friwili. Ringi ikaanza kuyumba hadi ikawa inasugua breki. Nikairudisha dukani na kadi yangu ya waranti mkononi. Nilichojibiwa pale kaunta nimekisikia tena baadaye kwa wenzangu wengi, tena kwa maneno karibu yaleyale, kiasi kwamba siwezi kuamini ni tabia ya muuzaji mmoja. Ndiyo maana silitaji duka. Kinachohitaji kurekebishwa ni utaratibu mzima.

Jibu la kwanza ni kwamba spoku haina waranti. Na kweli, ukiisoma kadi utakuta fremu imeahidiwa miaka, halafu chini, kwa herufi ndogo na kwa Kiingereza, tairi, tyubu, cheni, mipira ya breki, spoku na ringi vimewekwa kapu moja kama vitu vya kuchakaa. Tairi nakubali. Mipira ya breki nakubali, kwa sababu kazi yake ni kulika. Cheni nayo hutanuka kadiri inavyotumika. Spoku haimo katika kundi hilo. Gurudumu lililosukwa vizuri hukaa miaka mingi bila spoku hata moja kukatika, na ushahidi uko barabarani: zile baiskeli nzito za kizamani, gurudumu la mbele spoku 32 na la nyuma 40, ambazo baba zetu walizirithisha zikiwa bado na ringi zilezile za mwanzo. Spoku inayokatika gurudumu likiwa jipya imekatika kwa sababu, na sababu hiyo inaweza kuonekana kwa macho.

Naomba unisikilize kidogo hapa, kwa kuwa hapa ndipo mlaji anaposhindwa kujitetea. Spoku hufanya kazi kwa kuvutwa. Gurudumu linapozunguka chini ya uzito, spoku zilizo upande wa chini hulegea kidogo, kisha hukaza tena zikipanda juu. Baiskeli ya ringi 28 huzunguka zaidi ya mara 400 katika kila kilomita moja, hivyo anayekwenda kilomita 20 kwa siku anaipitisha kila spoku katika mlegezo na mkazo huo zaidi ya mara 8,000 kabla jua halijazama. Spoku zikiwa zimekazwa vya kutosha na kwa usawa, hilo haliwi tatizo. Zikiwa zimelegea tangu mwanzo, au moja imekazwa sana na jirani yake inacheza, chuma huchoka pale kwenye kiwiko, spoku inapojikunja kuingia katika habu, na hapo ndipo hukatika. Fundi mzuri hahitaji mashine kulijua hili. Huzipiga spoku kwa vidole moja baada ya nyingine akisikiliza mlio. Za upande mmoja zinatakiwa kulia karibu sawa.

Basi tujiulize nani aliyezikaza. Baiskeli nyingi tunazouziwa hutoka China na India, na hufika ndani ya maboksi zikiwa vipande vipande: ringi huku, habu kule, spoku zimefungwa kwa mafungu. Husukwa hapahapa, nyuma ya duka au kibarazani, na fundi anayelipwa kwa idadi ya magurudumu aliyomaliza. Simlaumu fundi huyo. Analipwa kidogo na anaharakishwa, na kurudi kukaza gurudumu baada ya wiki chache, spoku zikishakaa vizuri mahali pake, si kazi anayolipwa. Lakini duka lililomwajiri ndilo lililotengeneza gurudumu hilo. Kiwanda cha ng'ambo kilituma vyuma tu. Shirika la Viwango Tanzania, kupitia utaratibu ulioanza mwaka 2012, huhakiki bidhaa kutoka nje kabla hazijasafirishwa, na kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli, ISO 4210, kina sehemu nzima, ya saba, inayohusu majaribio ya magurudumu na ringi. Hayo yote ni mema. Hata hivyo, cheti kilichotolewa kabla ya boksi kupakiwa melini hakiwezi kusema lolote juu ya gurudumu lililosukwa Shinyanga Jumanne iliyopita.

Kwa hiyo ninaposikia jibu la pili, kwamba waranti imekufa kwa sababu nilikwenda kwa fundi wa nje, nashindwa kulikubali. Fundi wa nje na fundi wa duka mara nyingi ni mtu yuleyule. Na kijana ambaye spoku imemkatikia njiani akiwa na abiria afanye nini? Aisukume baiskeli hadi mjini, asubiri mwenye duka arudi safari, aache kazi? Atakwenda kwa fundi wa karibu, atabadilisha spoku moja, ataendelea. Kuibadilisha spoku iliyokatika hakufuti kasoro ya zile nyingine. Mara nyingi fundi huyo wa mtaani ndiye aliyemweleza kwamba gurudumu zima lilikuwa limelegea.

Jibu la tatu ndilo linaloniuma kuliko yote: "Umepakia." Ndugu Mkurugenzi, baiskeli hizi zinauzwa na keria. Keria ni ya chuma kinene, na wakati wa kuuza muuzaji huitikisa kwa mkono ili mnunuzi aone uimara wake, akimwambia inabeba gunia. Mzigo ndio uliomfanya mteja aichague ile na kuiacha nyingine. Baada ya mwezi mmoja mzigo huohuo unageuka kosa lake. Si kwenye kadi, si kwenye fremu, si mahali popote palipoandikwa kilo ngapi zinaruhusiwa. Haiwi haki mtu kuhukumiwa kwa kuvuka mpaka ambao haukuwahi kuchorwa. Na kuuchora kunawezekana: baiskeli ya Buffalo, iliyobuniwa na shirika la World Bicycle Relief kwa barabara za vijijini na inayotumika Zambia, Malawi na Kenya, hutangazwa wazi kuwa keria yake inabeba hadi kilo 100. Mnunuzi anajua, muuzaji anajua, na wakigombana wana pa kuanzia.

Nawatendea haki wenye maduka pia. Wapo wateja wanaopanda tuta kwa kasi na upepo nusu kwenye tairi, wakaikunja ringi, kisha wakaja kudai. Dhuluma hiyo nayo ipo. Lakini gurudumu lenyewe hutoa ushahidi. Ringi iliyogonga shimo huonyesha bonde kwenye ukingo, mara nyingi pande zote mbili, na tyubu yake hutoboka matundu mawili yaliyo sambamba. Ringi yenye kasoro hupasuka kuanzia kwenye tundu la spoku bila alama yoyote ya kugongwa, au hufunguka pale ncha zake mbili zilipounganishwa, na mwendeshaji huanza kuhisi breki ikimshtua mara moja katika kila mzunguko. Spoku iliyoingiwa na mti au mguu hukatika katikati au hupinda. Iliyochoka hukatika kwenye kiwiko, safi, na ya pili hufuata muda mfupi baadaye. Mambo haya yanaweza kuandikwa katika ukurasa mmoja wenye picha, kwa Kiswahili, na kubandikwa katika kila duka la baiskeli nchini. Ukurasa huo ungewalinda wauzaji waaminifu kama unavyomlinda mlaji.

Sheria haijatupungukia. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, imekuwapo kwa miongo mingi na inamtaka muuzaji atoe kitu chenye ubora unaofaa kuuzwa, na kinachofaa kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, iliyoiunda Tume yako, imeweka ulinzi wa mlaji ndani ya majukumu yenu. Tume pia imekuwa ikielimisha umma kuhusu mikataba inayoandaliwa na upande mmoja. Kadi ya waranti ya baiskeli ni mkataba wa namna hiyo hasa. Mkulima haulizwi maoni yake juu ya neno hata moja lililomo. Tatizo ni kwamba gurudumu moja halimpeleki mtu mahakamani. Nauli ya kwenda na kurudi mara kadhaa, na siku za kazi zinazopotea, zinazidi thamani ya ringi, na mwenye duka anajua hivyo. Ndiyo maana naandika kwako badala ya kumwandikia hakimu.

Ninachoomba kwanza ni kwamba kadi za waranti za baiskeli ziitwe na kupitiwa, na kwamba gurudumu zima, yaani ringi, habu na spoku, liingizwe katika dhamana ya kipindi kinachoeleweka, likiwa limetengwa na tairi na tyubu. Kadi iandikwe Kiswahili. Tangu mwaka 2021 sheria zenyewe zimeelekezwa kuandikwa kwa Kiswahili, na sioni kwa nini karatasi ya duka la baiskeli ibaki nyuma ya Bunge. Uzito unaoruhusiwa uandikwe kwenye kadi na kwenye fremu, na usipoandikwa, muuzaji asiruhusiwe kutumia mzigo kama kisingizio. Duka liwajibike kuzikaza spoku upya bure baada ya wiki chache za mwanzo. Kazi hiyo ni ya nusu saa, na ingezuia sehemu kubwa ya madai haya yasizaliwe kabisa.

Anayekataa dai alikatae kwa maandishi, akitaja kasoro aliyoiona na wapi kwenye gurudumu. Leo hukataliwa kwa mdomo, na mlaji akienda kulalamika popote hana cha kuonyesha. Nimeona pia watu wakiambiwa waache gurudumu ili "lipelekwe Dar," kisha miezi inapita, gurudumu halirudi na mtu anatembea kwa miguu. Duka likilichukua gurudumu kwa uchunguzi, litoe jingine la kutumia wakati huo.

Kuna pia suala la risiti. Karatasi ya mashine ya EFD hufifia. Ukiiweka mfukoni kwenye jua la huku, maandishi yanaweza kutoweka kabla waranti haijafika nusu, halafu mtu anaambiwa hana uthibitisho. Baiskeli ina namba iliyogongwa kwenye fremu, kwa kawaida chini, karibu na pedeli. Namba hiyo iandikwe dukani siku ya mauzo, kwenye kadi na kwenye daftari la muuzaji, na iwe uthibitisho unaotosha.

Najua wenye maduka wa mikoani watalalamika kwamba mzigo wote unawaangukia, kwa kuwa mwagizaji wa Kariakoo akishauza jumla hapokei simu. Wana hoja. Mlaji adai kwa aliyemuuzia, na aliyemuuzia awe na njia ya kudai kwa mwagizaji. Hapo katikati ndipo Tume yenye ofisi na mamlaka inaweza kufanya kile ambacho mwenye duka mmoja wa Shinyanga hawezi. Na pale mtakapokuta ringi au spoku zenye chapa ya kughushi, Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 iko mikononi mwenu.

Msimu wa ununuzi wa pamba kwa kawaida hufunguliwa Mei. Mkulima akishalipwa, kitu cha kwanza anachonunua katika kaya nyingi huku ni baiskeli, na maduka huagiza mzigo wao miezi michache kabla. Naomba maofisa wako waje Shinyanga kabla ya maboksi hayo kufunguliwa, wakae na wauzaji, mafundi na vijana wa daladala za baiskeli, na wachague magurudumu machache yaliyokataliwa wayakague mbele yetu sote. Mafundi wa Soko Kuu wako tayari kuyaleta. Langu nimelihifadhi pamoja na spoku zake zilizokatika, na nitalileta pia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mlaji na mwendesha baiskeli,
Shinyanga.

Nakala: Mkurugenzi Mkuu, Shirika la Viwango Tanzania (TBS).