Triptofani Imekwenda Wapi?

Damu ya wagonjwa wa saratani ya mapafu mara nyingi hukutwa na triptofani kidogo kuliko kawaida, na kinurenini nyingi ikilinganishwa nayo. Triptofani ni asidi amino ambayo mwili hauwezi kuitengeneza. Huja na chakula. Ndiyo maana jibu la haraka huwa kumwongezea mgonjwa mayai, maharage na samaki. Kula vizuri hakumdhuru, ila upungufu huu hautokani na sahani peke yake. Uvimbe, pamoja na baadhi ya seli za kinga zilizouzunguka, hutoa kimeng'enya cha IDO kinachovunja triptofani iwe kinurenini. Seli T za kinga zikikosa ya kwanza huacha kugawanyika, na ya pili huzidi kuzipooza. Saratani haikuibuni hila hii: mwaka 1998 watafiti nchini Marekani walionyesha, kwa panya, kwamba kimeng'enya hicho hicho hukinga mimba isishambuliwe na kinga ya mama.

Japani, tangu 2011, kampuni ya Ajinomoto ina kipimo cha asidi amino za damu kinachokadiria uwezekano wa mtu kuwa na saratani, ya mapafu ikiwemo. Je, tukilete Afrika Mashariki? Naona bado. Kifua kikuu na VVU navyo huamsha IDO, na huku kwetu mwenye saratani ya mapafu si ajabu akaanzishiwa dawa za kifua kikuu kwanza. Kipimo cha namna hii kinaweza kutuongezea mkanganyiko ule ule unaotuchelewesha. Utetezi kwamba kutoa damu ni rahisi kuliko kupata picha ya CT ya kifua una uzito, hasa kwa aliye mbali na hospitali ya rufaa, na CT yenyewe hubabaishwa na makovu ya kifua kikuu. Lakini utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2011 ulionyesha CT ya mionzi midogo ikipunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 kwa wavutaji sigara wa muda mrefu. Kipimo cha damu kitapimwa kwa mizani hiyo.

Kwenye tiba pia pana funzo. Epakadostati, dawa ya kuzuia IDO, iliunganishwa na pembrolizumabu, dawa ya kuamsha kinga, kwa wagonjwa wa saratani ya ngozi aina ya melanoma. Mwaka 2018 ikabainika haikuongeza nafuu yoyote. Atakayejibu kwamba tiba ya asidi amino hufaulu, akataja asparajinasi, inayotibu saratani ya damu kwa kuinyima asidi amino ya asparajini, hajakosea. Ila seli za saratani hiyo hushindwa kujitosheleza kwa asparajini, na nyingi zimo humo humo dawa inamopita. Uvimbe wa pafu una kuta zake, na njia nyingine za kuizima kinga. Kwa sasa ningeweka fedha kwenye utafiti utakaolinganisha wagonjwa wa saratani na wanaokohoa kwa kifua kikuu, si na watu wazima wa afya pekee.