Acheni Kuyafanya ya Kale Yang'ae

Anayetaka kujua kama mgeni rasmi anakaribia Mpanda hana haja ya kusikiliza gari la matangazo. Atazame mawe ya kando ya njia kwenye ofisi za umma. Yakiwa yamepakwa chokaa upya, na mashina ya miti nayo yamepakwa, ajue ugeni uko njiani. Mwenge ukikaribia, hata ukuta uliopakwa mwaka jana unapata koti jingine.

Sina ugomvi na mawe, jiwe litavumilia. Ugomvi wangu ni na imani iliyoishika ile brashi: kwamba kitu kimetunzwa pale kinapong'aa, na kwamba cha kale kimeokolewa pale kinapofanana na kipya. Imani hii haina chama wala dini. Anayo mhandisi, anayo mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya kanisa na ya msikiti, anayo mfadhili anayetaka picha mbili za kuweka kwenye ripoti, moja ya kabla na moja ya baada. Na vitu vya kale vinavyopotea mikononi mwa watu wa namna hii, wenye nia njema na fedha kidogo mfukoni, vinaniuma kuliko vile vinavyoliwa na mchwa. Mchwa tunampiga dawa. Hawa tunawapigia makofi.

Najua mkoani Katavi ukitaja uhifadhi watu wanafikiria viboko wa Mto Katuma. Hifadhi ya Taifa ya Katavi ipo tangu 1974, ina askari, ina lango, ina bajeti. Mpanda yenyewe wengi wanaiona ni mji wa juzi, uliokuja na reli iliyofuata madini ya risasi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Basi swali la vitu vya kale hupelekwa Bagamoyo, Kilwa na Unguja, kana kwamba huku kwetu historia ilianza mkoa ulipotangazwa 2012.

Shuka Karema, Wilaya ya Tanganyika, kwenye mwambao wa ziwa. Hapo ndipo Ernest Cambier, kapteni Mbelgiji, alipoanzisha kituo mwaka 1879 kwa niaba ya chama cha Mfalme Leopold wa Pili, kile kilichojiita cha kimataifa na ambacho baadaye kilizaa balaa la Kongo. Mwaka 1885 kituo kilikabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers, na misheni ikaota ndani ya ngome. Hapo ndipo alipofanya kazi Adrien Atiman, mtoto aliyezaliwa upande wa Timbuktu, akatekwa utumwani, akakombolewa, akasomeshwa utabibu Malta, kisha akawatibu watu wa Karema kwa zaidi ya miaka 60 hadi kifo chake mwaka 1956. Hata ngome kuwa pale ilipo kuna habari yake. Wakati inajengwa Ziwa Tanganyika lilikuwa limefurika. Mto Lukuga ulipozibuka upande wa Kongo, maji yakashuka kwa mita kadhaa na kuiacha ngome nyuma. Mahali pana habari zote hizo, na bado mtu anaweza kusimama hapo akasema kinachokosekana ni vigae.

Tutazame ukuta kwa karibu, maana hapa ndipo imani hiyo inapoumbuka. Majengo mengi ya enzi zile huku bara yalisimamishwa kwa udongo na tofali mbichi zilizokaushwa juani, au tofali za kuchoma zilizoungwa kwa udongo. Ukuta wa aina hiyo hunywa maji kutoka ardhini na hewani, kisha huyatoa. Masika unaloa, kiangazi unakauka, na hivyo ndivyo unavyoishi. Fundi wa leo anakuja na saruji. Anapiga lipu nzito, anaskimu, anapaka rangi ya mafuta, ukuta unameta kama sahani. Maji ya ardhini hayana habari na sherehe ya uzinduzi. Yanaendelea kupanda, lakini sasa yamefungiwa njia ya kutoka. Yanapanda juu zaidi yakitafuta upenyo, yakibeba chumvi ya udongo. Chumvi ikikauka nyuma ya lipu inageuka fuwele, fuwele inavimba, na udongo unasagika kuwa unga. Nje huoni kitu. Mwaka wa tatu au wa nne ukigonga kwa kidole unasikia mlio wa utupu. Mwaka wa tano lipu inadondoka kipande kizima, na nyuma yake imeng'ang'ania sehemu ya ukuta wenyewe. Kisha kamati inakutana na kusema, kwa masikitiko makubwa, kwamba ukuta wa wazee ulikuwa dhaifu na sasa ubomolewe.

Haukuwa dhaifu. Ulizibwa pumzi.

Dawa yake mafundi wa pwani wanaijua. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004, zikatolewa 2014, na sehemu kubwa ya kazi iliyofanyika katikati ilikuwa ya taratibu na ya kuchosha: kuchoma matumbawe yawe chokaa, kuizima kwa maji, kuiacha ilale, kisha kuijaza kwenye nyufa kidogo kidogo. Chokaa hukauka polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, na ikikauka bado inapitisha unyevu. Sisi huku hatuna matumbawe, lakini ukuta wa udongo haudai matumbawe. Unadai udongo mwenzake, mchanga, nyasi zilizokatwakatwa, na mikono ya mtu anayejua kusiliba. Katika vijiji vya Mpimbwe na Mlele wako akina mama wanaojua kwa kuushika tu udongo upi utapasuka na upi utashika. Hawajawahi kuitwa kwenye kikao cha mradi hata mmoja, kwa sababu kwenye karatasi za zabuni utaalamu wao hauna safu.

Usitegemee sheria ikuokoe mapema. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Ngome ya 1879 inakosa kwa miaka 16, kwa hiyo jengo la umri huo linahitaji Waziri alitangaze kwa jina. Kwa vitu vya kuhamishika sheria ina mkono mrefu zaidi: vitu vya jadi vilivyotengenezwa nchini kabla ya 1940 vimo, na milango ya kuchonga ya kabla ya mwaka huo imo. Maana yake kigoda cha mtemi wa Kikonongo kilichochongwa 1930 kinaweza kuwa chini ya sheria ya nchi huku mjukuu akikipiga msasa nyuma ya nyumba ili kipendeze sebuleni.

Msasa ndio unaonitisha kuliko saruji. Saruji angalau ikianguka inaonekana. Tuseme kwenye zahanati ya zamani limebaki benchi moja la mbao ambalo wagonjwa walikalia miaka hamsini. Kingo zake zimelika pale watu waliposhika wakiinuka. Pana doa jeusi mahali palipowekwa taa. Upande mmoja umelainika kuliko mwingine, kwa sababu upande huo ndio uliokuwa karibu na mlango wa daktari. Hayo yote ni maandishi, na ndiyo pekee ambayo wasiojua kuandika walituachia. Fundi mzuri mwenye msasa namba 80 anayafuta kwa asubuhi moja, anapaka vanishi mikono miwili, na anatukabidhi benchi ambalo lingeweza kununuliwa jana dukani. Tunamlipa na kumshukuru.

Sanamu na vitu vya matambiko ndivyo vinavyoumia zaidi. Ngozi nyeusi nzito iliyo juu ya sanamu ya mhenga si uchafu. Ni mafuta ya nyonyo, moshi, unga na jasho la mikono, tabaka juu ya tabaka, kila tabaka ni siku ambayo mtu alikwenda na shida yake. Ukiisugua unabaki na gogo lenye pua. Ukiiacha, mtaalamu anaweza kuchukua chembe ndogo kuliko punje ya mchele na kukuambia walitumia mafuta gani.

Hapa Karema inahusika tena, na vibaya. Kamanda mmoja wa kituo kile, Émile Storms, aliyefika 1882, alivuka ziwa mwaka uliofuata kuanzisha kituo cha Mpala. Desemba 1884 watu wake walimshambulia Lusinga, mtawala wa Watabwa, wakamkata kichwa. Fuvu lilisafirishwa hadi Ubelgiji. Sanamu ya mbao ya ukoo wake nayo ilichukuliwa, na leo imo kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, nje kidogo ya Brussels. Nasimama na wanaodai vitu kama hivyo virudi kwa wenyewe, na sitasubiri mtu anihubirie kwamba Waafrika hawawezi kutunza. Lakini nauliza kwa sauti: siku vya kwetu vikirudi, nani ataizuia ile kamati isivipake vanishi kabla ya mgeni rasmi kukata utepe?

Wala msidhani Wazungu walizaliwa wakijua. Makumbusho ya Berlin, yenye maelfu ya vitu vilivyotoka nchini kwetu, yalitumia miaka mingi kunyunyizia makusanyo yake sumu za wadudu, arseniki na DDT zikiwemo, kwa imani kwamba yanahifadhi. Leo wahifadhi wake wanavishika baadhi ya vitu hivyo kwa glovu na barakoa, na ngoma iliyonyweshwa sumu haiwezi tu kurudi kijijini ikapigwa. Uingereza nako karne ya 19 makanisa ya zamani yalikwanguliwa ili yafanane na ndoto za wasanifu, hadi mwaka 1877 William Morris na wenzake wakaunda chama cha kupinga ukwanguaji huo. Walichodai kilikuwa kidogo sana: tunza kila siku, ziba panapovuja, usibuni. Hiyo ni miaka miwili kabla Cambier hajafika Karema. Wahifadhi wa mataifa walipokutana Venice mwaka 1964, waliandika msimamo ule ule kwamba urejeshaji ukome pale kubahatisha kunapoanza.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo ina uzito, nami siikwepi. Mtu atasema: wazee wetu wenyewe hawakuabudu cha kale. Paa likichakaa waliezeka upya, ngozi ya ngoma ikipasuka waliwamba nyingine, kitala kikioza walijenga kingine. Sasa wewe unatuletea ibada ya makumbusho. Ni kweli walifanya hivyo. Tazama Kasubi, makaburi ya Makabaka kule Kampala, yaliyoungua Machi 2010. Yamejengwa upya, na sioni kosa, kwa sababu ukoo wa Ngeye wenye kazi ya kuezeka bado upo, nyasi zinajulikana, miiko inajulikana. Ngoma iliyowambwa ngozi mpya na fundi wa ngoma inaendelea na maisha yake. Anayezungushia ngoma hiyo rangi ya kijani, njano, bluu na nyeusi ya bendera hakufuata desturi ya wazee hata kidogo. Hakuna mzee aliyemfundisha. Ufundi ukiwa hai, kifanywe upya na wenyewe kwa vitu vyao. Ufundi ukiwa umekufa, kiachwe kilivyo, maana hakuna aliye hai anayeweza kusahihisha tutakachokosea.

Ile nyingine, kwamba hatuna fedha, siipi muda mrefu. Kusafisha mfereji wa paa ni bei ndogo kuliko ndoo moja ya rangi. Kutoa kichuguu kilichoegemea ukuta ni nguvu ya vijana wawili. Kuwahi fukusi kwenye mbao ni kufagia ule unga chini yake na kurudi wiki ijayo kutazama kama umemwagika tena. Kazi hizi hazina uzinduzi, ndiyo sababu hazifanyiki.

Nayasema haya sasa kwa sababu Karema ina bandari mpya, inayotazamana na Kongo ng'ambo ya ziwa, na fedha zitashuka barabara ile kuliko wakati wowote. Wageni watakuja, na mtu atapendekeza ngome na majengo ya misheni "yaboreshwe". Basi kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kushushwa, mchanganuo wa gharama uanze na maji: yanaingilia wapi, yanatokea wapi. Ulipie mpiga picha na mtu wa kupima kila ufa. Ulipie fundi wa kujaribu mchanganyiko wake kwenye kona ya nyuma isiyoonekana na kungoja masika moja ipite, kwa maandishi, kwamba asipongoja halipwi. Ulipie yule mama wa Mpimbwe kwa kiwango cha mtaalamu, si posho ya chai. Kamati ikiona mambo haya yanachelewesha, iahirishe kazi hadi mwaka mwingine wa fedha. Ukuta uliovuka miaka mia moja hautashindwa kungoja miezi kumi na miwili, mradi bati la juu yake halivuji.