Kasoro Isemwe, Hata ya Kitu cha Bure

Kuna mwandishi anayedai kwamba urubani wa kwenye kompyuta ni mchezo tu, na kwamba anayekosoa ndege au viwanja vya nyongeza vinavyotengenezewa mchezo huo hana shukrani. Sikubali. Utazame uwanja halisi wa ndege wa Lukla, kule Nepal: njia yake ya kurukia ina urefu wa mita 527 tu na mwinuko wa karibu asilimia 12. Ndege hutua ikipanda, huondoka ikiteremka kuelekea bondeni. Mtengenezaji wa uwanja huo wa kwenye kompyuta akiifanya njia hiyo kuwa tambarare, hata aipambe milima kwa theluji ya kupendeza namna gani, ameuza uwanja mwingine. Mnunuzi ana haki ya kuambiwa kabla hajatoa fedha.

Na vya bure? Airbus A320neo ya kikundi cha FlyByWire haiuzwi, nayo imeboreka kwa sababu watumiaji huripoti kasoro na waundaji huzishughulikia. Sifa tupu zisingerekebisha hata swichi moja. Naupenda mno urubani huu, ndiyo maana nadai ukweli: anayetathmini atuambie amejaribu toleo gani, kwenye kompyuta yenye nguvu gani, na ndege ilifanya nini upepo ulipoipiga ubavuni.