Chuo Kikuu Kikubwa: Faida Zake na Hasara Zake kwa Vijana wa Nyanda za Juu

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Sita yatangazwapo, swali moja huingia katika nyumba nyingi za Mbeya na Iringa: kijana aende chuo gani? Mzee mwenye shamba la viazi Uyole, mama achumaye chai Mufindi, mfanyakazi wa reli ya TAZARA, mwalimu wa shule ya msingi huko Kilolo, wote hulikabili swali hilo. Na mara nyingi jibu huwa limekwisha tolewa kabla swali halijafikiriwa: "Aende Mlimani." Maana yake ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chuo kikuu cha kwanza kuanzishwa katika nchi yetu, na chenye jina kubwa kuliko vingine.

Sisi hatuna ugomvi na jibu hilo. Tutakalo ni kwamba lipimwe kwanza, kama mkulima apimavyo mbegu kabla ya kuifukia ardhini. Jambo lenyewe lahusu miaka mitatu au minne ya ujana wa mtu, jasho la wazazi wake, na deni litakalomfuata mpaka kazini.

Wananchi wana haki ya kukionea fahari chuo hicho. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, masomo yake ya kwanza yalifunguliwa Dar es Salaam katika jengo la TANU, katika mtaa ambao leo waitwa Lumumba. Wanafunzi hawakufika 20, na somo lilikuwa sheria. Wakati huo kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1964 kikahamia kwenye kilima kilichokipa jina la Mlimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu cha taifa, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wake wa kwanza. Chuo kilichoanza na watu walioweza kuenea katika chumba kimoja leo kina wanafunzi makumi ya maelfu. Ukubwa huo ndio tunaotaka kuupima.

Faida ya kwanza ya ukubwa ni wingi wa masomo. Kijana aliyetoka Malangali au Tosamaganga huwa amesikia habari za udaktari, ualimu, sheria na uhandisi, basi. Mlimani atakuta watu wasomao jiolojia, sayansi ya bahari, takwimu, uchumi na lugha yetu ya Kiswahili. Maktaba mpya iliyofunguliwa huko mwaka 2018 kwa msaada wa China ilijengwa iweze kuweka vitabu 800,000. Hapana shaka kwamba mwanafunzi mwenye kiu ya elimu hunywa kwa wingi mahali kama hapo.

Faida ya pili ni watu. Mtoto wa Tukuyu huketi benchi moja na mtoto wa Pemba, wa Kigoma na wa Tanga, wakabishana, wakajuana, wakawa ndugu wa taifa moja. Tena chuo hicho kimezoea kupokea mawazo ya dunia. Katika miaka ya 1960 na 1970 Walter Rodney wa Guyana alifundisha hapo, na Yoweri Museveni wa Uganda alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake. Kijana apataye kusikia hoja zikipingwa mbele yake kwa heshima hujifunza jambo ambalo halimo kitabuni.

Lakini wahenga walisema, penye wengi pana mengi. Hasara ya kwanza ya ukubwa ni kwamba mtu mmoja hupotea kwa urahisi. Mahali ambapo mamia ya wanafunzi husikiliza mhadhara mmoja, mwalimu hawezi kujua majina yao, wala hawezi kutambua kwamba fulani hajaonekana kwa wiki mbili. Kijana shupavu hatadhurika. Atamtafuta mwalimu, ataunda kikundi cha kujisomea, ataendelea. Lakini yule mwenye haya, ambaye shuleni alisaidiwa na mwalimu aliyemjua toka Kidato cha Kwanza, huenda akaanguka bila mtu kusikia kishindo.

Hasara ya pili ni maisha yenyewe. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 800 kwa barabara. Kutoka Iringa ni kama 500. Mwaka 2017 serikali ilifungua pale Mlimani mabweni mapya ya wanafunzi 3,840. Ilikuwa kazi kubwa na yastahili sifa. Hata hivyo, mtu yeyote aweza kulinganisha hesabu hiyo na makumi ya maelfu tuliyoyataja, akaona kwamba wanafunzi wengi hupanga vyumba mitaani. Kodi ya chumba, nauli ya daladala na bei ya chakula katika jiji vyahitaji fedha ambazo nyumbani zingelisha watu wengi zaidi. Na binti wa miaka 19 aliyepanga chumba peke yake katika mji asioujua, fedha za kujikimu zikiwa zimechelewa, yumo katika hatari ambayo wazazi hawapendi kuitaja. Afadhali itajwe kabla hajapanda basi.

Sasa tutazame nyumbani. Kuna wakati ambapo kijana wa Nyanda za Juu hakuwa na la kuchagua. Ilimbidi kushuka pwani. Wakati huo umepita. Iringa kuna Mkwawa, ambayo kabla ya mwaka 2005 ilikuwa shule ya sekondari, na tangu mwaka huo ni chuo kikuu kishiriki cha elimu chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hapo kijana husomea ualimu na kupata shahada ya Mlimani bila kuliacha baridi la kwao. Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, ambacho mwaka 1986 kilianza kama chuo cha ufundi na mwaka 2012 kikapewa hadhi ya chuo kikuu. Kuna Ndaki ya Mbeya ya Chuo Kikuu Mzumbe, na kuna ndaki ya sayansi za afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo wanafunzi wake hujifunzia katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Makanisa nayo yameweka vyuo vyao: Chuo Kikuu cha Iringa cha Walutheri, Chuo Kikuu cha Ruaha cha Wakatoliki, na Teofilo Kisanji cha Wamoravian huko Mbeya.

Vyuo hivi visisifiwe kwa sababu ya ukaribu tu. Udogo nao una hasara zake. Masomo ni machache, na kijana akigundua katikati ya safari kwamba alikosea njia, hana pa kugeukia. Walimu wa somo moja huweza kuwa watatu au wanne, na mmoja wao akiondoka, pengo laonekana. Ada za vyuo visivyo vya serikali kwa kawaida huwa juu zaidi. Tena mwaka 2017 Tume ya Vyuo Vikuu ilivizuia vyuo kadhaa nchini kupokea wanafunzi wapya kwa sababu ya upungufu wa ubora. Kwa hiyo mzazi asione haya kuuliza: je, kozi hii imeidhinishwa na Tume? Maabara ipo? Walimu ni wangapi?

Tuje katika deni, kwani hapo ndipo jina la chuo linapokosa nguvu. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hukopesha wanafunzi wa vyuo vya serikali na vya watu binafsi vilevile. Tangu mwaka 2016 mkopaji aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliiondoa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, na wafanyakazi walipumua. Lakini mkopo wenyewe ungali mkopo. Mtu mwenye mshahara wa shilingi 800,000 hukatwa 120,000 kila mwezi. Makato hayo hayaulizi kama ulisoma Mlimani au Mbeya. Yauliza tu kama unalo deni. Basi mwenye busara hatalipia jina; atalipia ujuzi utakaomwezesha kulilipa deni na kubakiza cha kula.

Jambo la mwisho ni kurudi. Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Akichukua chakula hicho asirudi na msaada, huyo ni msaliti. Hatari ya msomi kujitenga na waliomlisha ilionekana mapema: Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na zaidi ya 300 wakarudishwa makwao. Mwaka 1974, Azimio la Musoma likaagiza kwamba watu wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Utaratibu huo haupo tena, lakini swali lake lipo. Nyanda hizi zalisha nchi kwa mahindi, viazi na mpunga wa Usangu. Zina misitu ya Sao Hill, chai ya Rungwe na ya Mufindi. Zahitaji wataalamu wa mbegu, mafundi wa mitambo, waganga, na walimu wa hisabati. Kijana afanyaye mafunzo kwa vitendo katika hospitali ya Mbeya au katika shule ya Kilolo huanza kuijua kazi yake mahali itakapohitajika. Hatusemi kwamba aendaye Dar es Salaam harudi. Wengi wamerudi na wamejenga. Twasema kwamba njia ya kurudi huwa ndefu zaidi kwa aliyekwenda bila kujua alikwenda kutafuta nini.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Kijana ambaye somo lake halifundishwi karibu, mwenye moyo wa kujitegemea, na aliye na hakika ya mkopo na mahali pa kulala, aende Mlimani bila woga, na wazazi wamwage baraka zao. Kijana atakaye ualimu, ufundi au afya, aanze kwa kubisha hodi Mkwawa na Mbeya, asiyaone makao hayo kuwa ya walioshindwa. Na mfanyakazi mwenye watoto, ambaye hawezi kuiacha kazi yake, akumbuke kwamba Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo Mbeya na Iringa vilivyowekwa kwa ajili ya watu kama yeye.

Lakini shauri hilo litakuwa maneno matupu iwapo vyuo vya mikoani vitaachwa na maabara tupu na walimu pungufu. Mwaka 2021 serikali ilianza mpango mkubwa wa kujenga vyuo vikuu vya umma kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, na matawi mapya ya mikoani yamo ndani ya mpango huo. Majengo yatakwisha. Wananchi hawana budi kuuliza nani atafundisha ndani yake, na kwa vifaa gani. Mtoto wa mkulima wa Mbozi akichagua chuo cha karibu, na iwe kwa sababu ni kizuri, wala si kwa sababu nauli imemshinda.

Ndugu wazazi, ninyi ndio mtakaouza viazi na kahawa. Kaeni na kijana wenu kabla fomu hazijajazwa. Mwulizeni anataka kufanya kazi gani, ataishi wapi, na nani atakayemfundisha. Akijibu kwamba anakwenda huko kwa kuwa rafiki zake wote wanakwenda, mkumbusheni ule usemi wa wahenga: usisafirie nyota ya mwenzio.