Miguu Kwanza, Meza Baadaye

Mwezi huu naomba tuiname kidogo, tuchungulie chini ya meza ya chakula. Nina sababu. Kila nikipita Keko kuangalia samani, nawaona wapenzi wawili wawili wakipapasa mbao na kubishana, mninga au mkongo? Wakishaelewana rangi, wanalipa. Miguu hakuna aliyeiuliza. Na miguu ndiyo itakayoamua kama meza hiyo mtaikalia, au itageuka kuwa mahali pa kuwekea pasi na mabegi.

Kwa vijana wanaoanza maisha, mimi napigia debe miguu ya chuma inayofungwa kwa skrubu. Wengi wetu tumepanga, na mwenye nyumba akibadili maneno, mnahama. Meza iliyogongwa misumari inagoma mlangoni. Yenye miguu ya kufungua mnaibeba vipande, mkifika mnafunga tena. Siku mkipata hela ya ubao mzuri zaidi, mnabadilisha juu tu.

Sasa mchukue ipi? Kuna ile miembamba iliyopinda kama pini ya nywele, aliyoibuni Henry Glass, mzaliwa wa Vienna, huko Marekani mwaka 1941. Inapendeza ile mbaya! Lakini muulizeni fundi unene wa nondo. Milimita 10 inatosha meza ya kahawa. Meza ya chakula inataka 12 au zaidi. Kama ubao ni mrefu au mzito, achaneni nayo, mchukue fremu ya bomba la mraba. Wapenzi wa graniti, bamba la sentimita 2 lina zaidi ya kilo 50 kwa kila mita ya mraba. Hapo msifanye utani na miguu.

Kuhusu kimo, meza ya chakula huwa na sentimita 75 hivi kutoka sakafuni. Ubao ukiwa wa sentimita 3, mguu ni 72. Kiti chenye kikalio cha sentimita 45 kinawaachia mapaja nafasi ya kupumua. Kila mlaji mpeni sentimita 60 za upana, halafu mwangalie mguu umesimama wapi. Mama mkwe akija kusalimia, si vizuri akae na chuma katikati ya magoti, jamani.

Adui mwingine ni kutu, hasa kwa sisi wa Dar, Tanga na Mombasa tunaovuta hewa ya chumvi. Fundi asage sehemu alizochomelea, aondoe kutu yote, apake rangi ya kuzuia kutu, ndipo ije nyeusi au dhahabu mnayoitaka. Ncha za chini zizibwe na kuvalishwa viatu vya mpira. Si unajua tena, tunadeki kwa maji kila siku, na bomba lililo wazi linaoza kuanzia ndani. Mwambieni pia matundu ya skrubu kwenye chuma ayafanye marefu kidogo, maana ubao hutanuka masika na kusinyaa kiangazi. Ukibanwa sana, unapasuka.

Kabla ya kulipa, fungeni kila kitu palepale kwa fundi. Mmoja ashike kona moja, mwenzake kona ya pili, muisukume kwa ubavu. Ikicheza, msikubali kuambiwa itatulia ikifika nyumbani. Haitatulii!

Najua kuna anayesema, "Dada mhariri, ni meza tu." Sawa, lakini hapo ndipo mtakapohesabia kodi, mtakapopanga ada za watoto, na mtakapoyamaliza yale ya jana usiku. Meza inayotikisika na kumwaga chai inamkimbiza kila mtu na sahani yake mbele ya televisheni, na wawili wasiotazamana wakila hujikuta hawana la kuongea. Kwa hiyo bajeti ikibana, punguzeni kwenye ubao. Kwenye miguu, msipunguze.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaaliwa.